Mahali pa Kidevu

Watu husifu shingo ndefu. Fidla haisifu.
Fidla inadai pengo lijazwe, hapa, kati ya taya na mtulinga,
nami kwa miaka tisa nimelijaza:
khanga iliyokunjwa mara nne,
sponji la godoro lililokatwa kwa kisu cha mkate,
soksi ya Ambakisye (safi, aliniapia)
na mpira wa baiskeli wa kufunga vyote visiteleze.
Viliteleza.
Nililala upande mmoja kama gogo la mto Kiwira,
na chini ya taya nikaota doa jeusi, gumu,
ambalo mchungaji alidhani ni kidonda, akaliombea.

Kwenye kwaya nilikuwa sauti ya pili.
Sauti ya pili unafuata, unajificha,
na ukikosea, ya kwanza inakufunika
kama mlima Rungwe unavyofunikwa ikifika saa nane.
Kisha wakanunua kinanda cha umeme.
Hawakunifukuza. Waliacha tu kunitajia siku ya mazoezi.

Nikabaki na chumba, bati, na mvua ya Tukuyu
isiyojua kubisha hodi.

Fundi Anyosisye anatengeneza milango na majeneza, nyuma ya soko.
Alinipima shingo kwa futi yake ya chuma, baridi.
Geuka. Meza mate. Geuka tena.
Akauliza, “Unataka kiti cha kidevu, au kitanda?”
Kiti, nikasema.
“Cha mtu anayekaa, au anayeaga?”
Sikuwa na jibu. Akachonga hivyo hivyo,
kwa mparachichi ulioangukia choo cha kaka yake,
akapiga msasa, akapuliza, akapiga msasa,
akanipa kikiwa bado na joto la mkono.
Ndaga, nikasema. Akataka elfu nane.

Jioni ile kidevu kilikaa.
Bega likashuka lenyewe, kama mtu aliyetua ndoo,
na mkono wa kushoto, uliokuwa ukibeba fidla nzima,
ukawa hauna kazi ila muziki.
Nikasimama hivyo. Muda mrefu.
Sikujua nipige nini.
Nyimbo zote nilizozijua zilikuwa nusu,
nusu ya chini, isiyo na maana bila wenzake.

Nikaanza na uzi mnene, mtupu, bila kidole.
Upinde mzima, kutoka kisigino hadi ncha.
Tena.
Siku ya tatu nikaongeza kitu cha mama:
majani mawili na chipukizi,
mbili ndefu, moja fupi inayokatwa kwa ukucha,
jinsi alivyochuma chai Katumba bila kutazama vidole,
kikapu mgongoni, akibishana na jirani wa mstari wa pili.
Nikapiga nyuzi mbili kwa pamoja:
mmoja ubaki nyumbani,
mwingine uteremke Kyela, upate joto, upande tena taratibu.
Mara nyingine ulirudi umepotea nusu sauti.
Nikauacha. Wanaotoka Kyela hurudi hivyo.

Kuna mahali nilikwama wiki mbili,
kwa sababu hakuna mtu wa kuingia nikipumua.
Nikashusha upinde. Bati likaingia,
matone machache, ya mwisho wa mvua,
nikayaandika kama kimya, vipigo vitano.
Kiangazi sijui nitafanyaje.

Mama alisikiliza akipukuchua maharage.
“Imeisha?”
Bado.
“Pale katikati unakimbia. Mwenye kikapu hakimbii.”
Akarudia maharage yake.
Nimepafuta pale katikati. Nimepaandika upya kwa penseli,
na mkono haujaniuma, ingawa nausubiri kila mara,
kama mgeni aliyesema atapitia.

Nikikifungua kile kiti, upande usioonekana
kuna mwandiko wa fundi, haujafutika:
nne na nusu, shingo.
Na chini yake, kwa haraka,
vipimo vya mlango wa mtu mwingine.